Jicho na Ulimi

Ukisimama ufuoni mwa ziwa pale Homa Bay usiku usio na mwezi, utaona taa nyingi zimetandaa juu ya maji mbele yako. Nyingine hukaa mahali pamoja, nyingine husogea polepole, na nyingine hupotea ghafula kisha zikatokea tena. Wewe uliye mwenyeji hushtuki. Wajua ya kuwa hizo ni taa za wavuvi wa omena, ambao huwasha karabai usiku wa giza ili samaki wale wadogo wavutwe na nuru na kukusanyika penye nyavu. Wajua vilevile sababu ya taa kupotea: wimbi limeinuka kati yako na mtumbwi, au mvuvi amegeuka akaikinga taa kwa mwili wake.

Sasa jiweke mahali pa rubani mgeni apitaye juu ya ziwa hilo usiku huohuo, hali hajapata kusikia habari za omena. Chini yake pana giza na juu yake pana giza, na mpaka baina ya maji na mbingu hauonekani. Taa za wavuvi wa Rusinga na Mfangano zaweza kumjia machoni kama nyota zilizo chini ya ndege, au kama mji usioandikwa katika ramani. Kitu kinachotazamwa ni kimoja, na macho ya rubani huenda yakawa mazima kuliko yako. Tofauti ni ujuzi tu. Wewe waona kitoweo cha kesho, naye aona ajabu.

Nataka tuzungumze habari za ajabu za namna hiyo, na swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: mtu mwaminifu aliyeona jambo asilolielewa, yampasa aseme nini? Swali hili laonekana dogo. Natumaini kabla hatujaagana nitakuwa nimekuonyesha ya kuwa heshima ya mtu, na pengine uhai wake, waweza kutegemea jibu lake.

Habari za marubani kuona vitu vya ajabu si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 19 Februari 1951, ndege ya shirika la East African Airways, aina ya Lodestar, ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Yapata saa moja na dakika ishirini asubuhi, mtumishi wa redio aliona kitu kinachong'aa juu ya mlima Kilimanjaro, akamwonyesha rubani wake, Kapteni Jack Bicknell. Abiria nao wakatazama. Walikitazama kwa dakika nyingi kikiwa kimetulia angani, kisha kikaenda zake kikatoweka. Magazeti yaliiandika habari hiyo, na watu wakaanza kubishana. Wako waliosema ni mazigazi, wako waliosema ni puto lililorushwa juu sana, na wako waliosema ni chombo cha viumbe wa ulimwengu mwingine. Mpaka leo halijapatikana jibu ambalo watu wote wamelikubali.

Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 24 Juni 1947, rubani mmoja wa Marekani aitwaye Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vinavyong'aa vikienda kwa kasi karibu na mlima Rainier. Tangu siku ile habari za sahani zirukazo zikaenea ulimwenguni kama moto katika nyasi kavu. Jeshi la anga la Marekani likalazimika kuzichunguza, na hata lilipofunga kazi hiyo mwaka 1969 lilikuwa limekusanya habari 12,618. Kati ya hizo, 701 zilibaki bila maelezo. Zilizosalia, yaani sehemu kubwa kabisa, zilikuwa mambo yanayojulikana yaliyoonekana katika hali isiyojulikana.

Mambo hayo ni yapi? La kwanza ni sayari, na hasa Zuhura. Baada ya jua na mwezi, hapana nyota inayoishinda Zuhura kwa kung'aa. Inapokuwa chini karibu na upeo wa macho, nuru yake hupita katika hewa nzito, ikatetema na kubadilika rangi, mara nyeupe, mara nyekundu, mara kijani. Tena huonekana kana kwamba yamfuata mtazamaji. Umepata kusafiri kwa matatu usiku kutoka Rongo hadi Migori? Miti ya kando ya barabara hukimbilia nyuma, lakini mwezi huenda nawe mpaka ufike. Mwezi haukufuati. Uko mbali mno hata mwendo wako wote si kitu mbele ya umbali ule. Rubani aonaye nuru ikifuatana naye maili mia ana kila sababu ya kudhani kwamba nuru ile inamwandama, lakini yaweza kuwa ni Zuhura iliyotulia mahali pake.

La pili ni vimondo, pamoja na vyuma ambavyo wanadamu wamevirusha juu na ambavyo hurudi vikiwaka. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Wenyeji waliingiwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda, likaitazama, likasema ni kipande cha roketi. La tatu ni setelaiti. Mwezi Mei 2019 kampuni moja ya Marekani ilirusha setelaiti 60 kwa mara moja, na baadaye maelfu zaidi. Siku za kwanza baada ya kurushwa, hupita angani zikiwa zimefuatana kama shanga katika uzi, na marubani wengi wamezistaajabia.

La nne tunalo hapa nyumbani. Mchana nchi kavu hupata joto, na mvua za radi huanguka juu ya milima na mashamba. Usiku upepo huvuma kutoka bara kuelekea ziwani, ukakutana katikati ya maji yenye joto, na mawingu ya radi yakajengeka huko. Kwa hiyo mtu aliye Muhuru au Mbita huweza kuona mbingu ya magharibi ikiwaka na kuzima usiku kucha, wala asisikie ngurumo hata moja, kwa kuwa mvua iko mbali. Asiyejua atasema ni vita vya mashetani.

Mwanadamu ana udhaifu mwingine ambao hauna budi kutajwa. Jicho halina kipimo cha umbali gizani. Nuru ndogo iliyo karibu na nuru kubwa iliyo mbali ni sawasawa mbele yake. Pia, nuru moja iliyo peke yake katika giza, ukiikazia macho kwa muda, itaanza kuonekana inatembea hali imetulia. Lijaribu jambo hilo usiku wa leo kwa nyota moja, nawe utaamini.

Pengine utaniuliza: basi, mwalimu, wataka tuseme kwamba marubani ni waongo? Hasha. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika kila ushahidi mna mambo matatu, nayo yapaswa kutengwa kama mchele, pumba na mawe. Kuna kile ambacho jicho liliona. Kuna kile ambacho akili ilikitia maana. Na kuna kile ambacho ulimi ulikisema. Rubani asemaye, "Niliona nuru nyeupe upande wa kushoto kwa dakika tano," ametoa mchele mtupu. Asemaye, "Chombo cha ajabu kilitufuata," amekwisha kuchanganya. Hakusema uongo, kwa maana uongo ni kusema usiloliamini. Lakini ametupa hukumu badala ya ushahidi, naye hana habari kwamba amefanya hivyo.

Hatari ya kuchanganya mambo hayo si ya maneno tu. Mwezi Januari 2011, ndege ya Air Canada ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki usiku, ikitoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi alikuwa ametoka usingizini muda mfupi tu. Aliiona Zuhura, akaidhania ndege ijayo mbele yao. Kisha ndege ya kweli ikaonekana, nayo ilikuwa chini yao kwa futi 1,000, lakini yeye akaamini kwamba inawashukia. Akaisukuma ndege yake kuelekea chini kwa nguvu. Abiria 14 na wahudumu 2 waliumia. Jicho lake halikukosa, kwa kuwa nuru zilikuwako. Kosa lilikuwa katika mwendo mfupi kati ya jicho na akili.

Usije ukadhani, kwa mfano huo, kwamba hekima ni kudharau kila nuru. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways iliyobeba zaidi ya watu 250 ilikuwa karibu na kisiwa cha Java usiku. Marubani waliona vimulimuli vya nuru vikicheza juu ya kioo cha mbele, na injini zikawaka kwa mng'ao usio wa kawaida. Chombo chao cha kupimia hali ya hewa hakikuonyesha wingu lolote. Lau wangaliamini chombo peke yake, wangalisema macho yao yamewadanganya. Kumbe walikuwa wameingia katika majivu ya volkano ya Galunggung, na chombo kile kiliundwa kuona maji ya mvua, si majivu makavu. Injini zote nne zilizima. Ndege ikashuka bila nguvu, na ilipotoka katika majivu injini zikawaka tena, wakatua Jakarta salama. Kwa sababu walieleza waziwazi yote waliyoyaona, mafundi na wataalamu walijifunza, na baadaye ulimwengu ukaweka utaratibu wa kuwaonya marubani habari za majivu ya volkano.

Tazama basi, msomaji: shahidi ana njia mbili za kukosa. Aweza kusema zaidi ya alichoona, na aweza kusema pungufu. Rubani anyamazaye kwa kuogopa kuchekwa na wenzake huenda ameificha habari ambayo ingaliokoa watu. Mwaka 2023, wataalamu waliokusanywa na shirika la Marekani la NASA kuchunguza habari hizi walisema hawakuona ushahidi wowote kwamba vitu hivyo vyatoka ulimwengu mwingine. Walisema vilevile kwamba dhihaka ni kizuizi, kwani huwafunga vinywa watu wenye habari za kweli. Amchekaye shahidi na amwaminiye shahidi bila kumpima wote wawili huiharibu kweli.

Sasa nitakueleza jambo langu mwenyewe, ijapokuwa halinipi sifa.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, tulikaa katika kijiji kimoja cha Migori, upande uelekeao ziwani. Magharibi ya nyumba yetu, juu ya mgongo wa kilima, alikaa mjane mmoja mkongwe. Sisi watoto tulimwita Dani, yaani nyanya, na miti yake ya mapera ilikuwa kama mali yetu. Mwaka ule, kila jioni jua lilipokwisha kuchwa, nuru kali ilionekana juu ya paa lake. Kwanza ilikuwa nyeupe. Iliposhuka ikawa nyekundu, ikatetema, kisha ikazama nyuma ya nyumba. Kesho yake ilirudi. Kwetu Waluo husemwa habari za jajuok, mkimbiaji wa usiku, ambaye yasemekana hucheza na moto gizani. Basi neno hilo likaanza kunong'onwa.

Jioni moja watu wazima walikuwa wameketi uani, na baba yangu mdogo akaniita. "Ati mnaona moto kwa Dani. Wewe umeuona kwa macho yako mwenyewe?"

"Ndiyo, baba mdogo, nimeuona," nikasema. "Unaingia katika paa."

Wote wakanyamaza wakinitazama. Sikuwa nimezoea kusikilizwa na wakubwa, na utamu wa kusikilizwa ukanipanda kichwani. Nikaongeza: "Naye alikuwa amesimama mlangoni akiungojea."

Ni kweli nilikuwa nimepata kumwona Dani mlangoni pake, jioni nyingine, akifungia kuku. Jioni ile sikumwona. Lakini neno likatoka, na neno likitoka halirudi. Baada ya hapo wanawake waliacha kukaa karibu naye sokoni. Sisi tulikatazwa mapera. Mjukuu aliyekaa naye, aliyekuwa darasa moja nami, aliondolewa akapelekwa kwa jamaa za mama yake. Kabla ya mwaka kwisha Dani alihamia kwa jamaa za kaka yake, na huko akafariki. Muda mfupi baada ya kuondoka kwake nuru ile nayo ikatoweka. Watu wakasema, "Mnaona? Imeondoka naye." Hapakuwa na mtu aliyeona haja ya ushahidi mwingine.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitutoa nje jioni moja akatuonyesha Zuhura. Akatueleza kwamba huonekana magharibi baada ya jua kuchwa kwa miezi kadhaa, kisha hushuka karibu na jua ikapotea, na baadaye hutokea upande wa mashariki alfajiri. Wenzangu waliandika maneno hayo katika madaftari. Mimi sikuandika. Nilikuwa nikihesabu upande, saa na miezi, na kila hesabu ilinirudisha kwenye paa la Dani.

Mtu aweza kunitetea akisema nilikuwa mtoto, tena sikujua elimu ya nyota. Nashukuru, lakini utetezi huo hautoshi. Kutojua Zuhura si hatia yangu. Hata kuuita moto si hatia kubwa, kwa maana ulionekana kama moto. Hatia yangu ni yale maneno ya mwisho, niliyoyaongeza ili nisikilizwe zaidi. Na watu wazima nao wana fungu lao, kwa kuwa waliniuliza kama nimeona, wasiniulize nimeona nini. Lau mmoja wao angalitembea hatua mia mbili kuelekea kaskazini jioni ile, angaliiona nuru imeliacha paa la Dani na kukaa juu ya nyumba ya mtu mwingine, na shauri lote lingalikwisha kwa kicheko.

Dani alifukuzwa kwa macho na minong'ono. Wengine hawakuachwa na uhai. Mwezi Mei 2008, katika nchi ya Kisii, jirani yetu, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na kundi la watu waliowashuku uchawi. Mambo kama hayo hayaanzi kwa moto. Huanza kwa mtu mmoja kusema ameona, na mwingine kutouliza swali la pili.

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii ina hekima yake, kwani yatuonya tusipuuze habari. Lakini yatupasa kuifahamu vema. Lisemwalo lipo, naam, ila huenda lisiwe lile lisemwalo. Nuru juu ya paa la Dani ilikuwako. Nuru juu ya Kilimanjaro ilikuwako. Kuwako kwa nuru ni jambo moja, na jina tunaloipa ni jambo jingine. Vivyo hivyo twaambiwa, "Pafukapo moshi pana moto." Ni kweli, lakini moshi hausemi ni nani aliyewasha.

Vipi basi zile habari 701 zilizobaki bila maelezo, na ile ya Kilimanjaro? Wako watu ambao roho zao hazitulii mpaka kila swali lipate jibu, nao hulijaza pengo kwa lolote lililo karibu. Mmarekani hulijaza kwa wageni wa kutoka nyota za mbali, na sisi hulijaza kwa jajuok. Makosa ni ndugu. Kutopatikana kwa maelezo si maelezo. Yatupasa tuwe na ujasiri wa kuliacha swali wazi, tukisema, "Niliona hivi na hivi, ni nini, sijui." Neno "sijui" halimshushi mtu, maadamu amesema kwanza yote ayajuayo, na maadamu yu tayari kwenda kutafuta.

Siwezi kukupa kanuni ya kukukinga na kila kosa. Naweza kukupa desturi niwapayo wanafunzi wangu. Ukiona jambo la ajabu, liandike kabla hujalijadili na mtu: saa, upande, muda, rangi, mwendo. Badili mahali pa kusimama, utazame tena. Waulize wanaojua wavuvi, nyota na hali ya hewa. Hayo yote ni kwa ajili ya jicho. Na kwa ajili ya ulimi, kabla hujatamka jina la mtu, jiulize kama uko tayari kutamka maneno yayo hayo mbele yake, naye akikutazama.

Nyumba ya Dani imekwisha kuanguka, na mapera yake yameliwa na mchwa. Kila Zuhura inaporudi upande wa magharibi, huwatoa wanafunzi wangu nje nikawaonyesha. Huwaambia jina lake, umbali wake na njia yake. Kisha huwaambia habari za Dani, kama nilivyokuambia wewe, pamoja na yale maneno niliyoyaongeza.